Kabla ya Kufomati, Tazama: Hotuba kwa Watu wa Steshenari, Kigoma

Maneno haya niliyasema Mwanga, Kigoma, mbele ya wenye steshenari, makarani wa ofisi na vijana wanaojifunza kompyuta. Wengi mlishindwa kufika mkaomba maandishi. Picha za ukutani nimeziacha. Mengine yote ni kama yalivyosemwa.

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Ndugu mwenyekiti, kaka zangu na dada zangu wa steshenari za Mwanga, Ujiji, Gungu na Katubuka, makarani mliotoka Kasulu na Uvinza, na ninyi vijana mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kufunga kazi siku yenye wateja. Najua maana ya kufunga duka siku kama ya leo.

Mimi ni mtu wa kibodi. Nilianza na taipureta, nikaingia kwenye kompyuta enzi za Windows 95, wakati mji huu ukiishi kwa majenereta ya dizeli na umeme unakatika barua ikiwa nusu. Tangu hapo nimekaa upande huu wa meza, na upande wa pili amekaa mwananchi na bahasha yake. Leo nazungumza kwa ajili ya huyo wa upande wa pili.

Kompyuta ina vituko. Nani hapa hajakutana navyo? Namba inaingia hivi, inatoka vile. Folda zilikuwepo jana, leo hazipo. Tovuti inafunguka kwenye simu, kwenye mashine inakataa. Tunasema imegoma, tunasema ina shetani, tunaita fundi anapiga windo upya, maisha yanaendelea. Lakini kila kituko kina sababu, na sababu zenyewe nyingi zinajulikana miaka mingi. Tusipozijua sisi, anayelipa ni mteja. Analipa nauli, analipa siku yake, na mara nyingine anapoteza haki yake.

Nianze na namba.

Akina mama wa kikundi kimoja cha waanika dagaa, Kibirizi, waliomba mkopo. Wakaambiwa walete orodha ya wanachama kwa Excel, ile programu ya majedwali: jina, simu, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Wakaenda kuchapiwa. Orodha ikatoka safi, mistari imenyooka, wakalipa, wakaipeleka. Baada ya siku kadhaa wakajibiwa kwamba namba za vitambulisho hazitambuliki. Za kikundi kizima! Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mama ana kadi mkononi, ina picha yake, anaambiwa namba yake haipo. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa ameshajiandaa kwenda kuuliza kama amefutwa.

Wakaniletea lile faili. Kolamu ya NIDA ilikuwa imejaa maandishi ya aina ya 1.97807E+19, kuanzia juu hadi chini. Nikabofya seli ya kwanza, yaani kisanduku cha kwanza, nikatazama pale juu kwenye mstari wa fomula. Tarakimu 20 zipo, lakini tano za mwisho ni sifuri. Nikashuka seli ya pili. Sifuri tano. Ya tatu, sifuri tano. Mpaka mwisho wa orodha.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hili linatokea kila wiki katika mji huu. Excel ikiona tarakimu tupu inaamini ni hesabu, kitu cha kujumlisha na kuzidisha. Na kwenye hesabu inatunza tarakimu 15 tu. Ya 16 na kuendelea inazigeuza sifuri bila kukuuliza, bila ujumbe, bila mlio. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ishirini toa kumi na tano, zimepotea tano. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hizo zinabaki. Kinachopotea ni mkia, na mkia ndio unaomtenganisha mtu na mwenzake. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa sehemu moja wanaweza kugeuka kuwa mtu mmoja kwenye orodha yako.

Na jambo la pili, ambalo ndilo linaumiza. Ukishabonyeza Enter, zile tano hazipo tena. Wengi mnajua kubadilisha fomati ya kolamu ili ile E iondoke, na kweli inaondoka, namba inaonekana ndefu na nzuri. Nzuri kwa macho tu! Sifuri zinabaki sifuri. Hakuna fomati ya kurudisha kilichotupwa.

Dawa ni ndogo mno. Kabla ya kuchapa, chagua kolamu nzima, iambie ni maandishi, fomati ya Text. Au tanguliza alama ya mkato wa juu mbele ya namba. Au chapa namba kama ilivyo kwenye kadi, pamoja na vistari vyake, maana Excel ikiona vile vistari inaiacha namba kama maandishi. Basi. Tulikaa na akina mama wale, mmoja anasoma kadi, mwenzake anafuatisha kwa kidole kwenye skrini, mimi nachapa. Orodha ikapokelewa.

Nimesema kabla ya kuchapa. Nasema tena, kabla ya kuchapa.

Ugonjwa huo huo ndio unaokula sifuri ya mbele ya namba ya simu, ikabaki inaanza na 7 au 6. Hilo mnalijua. Lakini tarehe je? Mashine nyingi zinazotufikia zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele, siku nyuma. Mwalimu anachapa 04/09/2011, anamaanisha tarehe nne Septemba. Excel inapokea tarehe tisa Aprili. Akichapa 25/09/2011, Excel inatafuta mwezi wa ishirini na tano, haiupati, inaiacha kama maandishi. Sasa tazameni kolamu yenu ya tarehe: zile zilizosogea kulia ni tarehe, zile zilizobaki kushoto ni maandishi. Ukiona orodha moja, nyingine kulia nyingine kushoto, simama hapo hapo. Zile za kushoto zina nafuu, unaziona. Za kulia ndizo zimegeuzwa kimya kimya, na mtoto atapata siku ya kuzaliwa ambayo mama yake haijui. Nenda kwenye mipangilio ya eneo, weka siku kwanza, mwezi baadaye. Fanya hivyo kwenye kila mashine unayoanza kuitumia.

Msidhani haya ni ya Kigoma kwa sababu tuko mwisho wa reli. Mwaka 2020, Uingereza, katikati ya korona, majibu ya watu 15,841 waliokutwa na ugonjwa yalikosekana kwenye hesabu ya taifa ya kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba. Sababu? Yalikuwa yanapitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, XLS, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje. Waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Mwaka huo huo wataalamu wa majina ya jeni za binadamu walitangaza kwamba wamebadilisha majina ya baadhi yake. Jeni iliyoitwa MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu kila wakichapa jina la zamani, Excel inalifanya tarehe moja Machi. Wanasayansi wa dunia nzima wamelazimika kuipisha programu ya jedwali!

Na kuna kituko kimoja ninachokipenda, jaribuni mkirudi dukani. Chapeni 60 kwenye seli, kisha iambieni hiyo seli ni tarehe. Itawapa 29 Februari 1900. Siku hiyo haijawahi kuwepo, maana mwaka 1900 haukuwa mrefu, wa siku 366. Mwaka wa mwisho wa karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Kosa hilo lilikuwa kwenye Lotus 1-2-3, programu iliyotamba kabla ya Excel. Excel ikalichukua makusudi ili mafaili ya Lotus yasomeke, na halijaondolewa hadi leo, maana kuliondoa kungesogeza tarehe za watu wengi mno. Kuna makosa yanayoachwa kwa sababu watu wameshajenga juu yake. Ukilijua hilo, unaacha kuitukana mashine, unaanza kuiuliza.

Ndugu zangu, nije kwenye flashi.

Kijana wa chuo alikuja ameinamisha kichwa. Utafiti wake wote, kazi ya mwaka mzima, ulikuwa kwenye flashi moja. Alikwenda kuprinti mahali, akarudi nyumbani, akafungua, folda zote zimekuwa shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato tu. Alipoenda kwa fundi akaambiwa: "Kirusi kimekula mafaili, tufomati tu uokoe flashi." Kufomati ni kufuta kila kilichomo. Uokoe flashi! Flashi inauzwa kila duka. Utafiti wa yule kijana unauzwa wapi?

Bahati alikataa. Nikaichomeka kwenye mashine yangu, sikubofya kitu chochote ndani yake. Nilibofya kulia tu kwenye jina la flashi, nikafungua sifa zake, nikatazama kile kiduara kinachoonyesha nafasi iliyotumika. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Sasa niambieni, mafaili yaliyoliwa yanajazaje nafasi?

Nyumba ikifungwa milango na madirisha haina maana wenyewe wamehama. Kirusi cha shotikati kwa kawaida hakifuti kazi zako. Kinazipa alama mbili, moja ya kufichwa na moja ya kuwa mafaili ya mfumo, na Windows kwa kawaida haionyeshi vitu vyenye alama hizo. Halafu kinaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, kwanza unakiamsha kirusi, kisha kinakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Ndiyo maana mtu anatembea na kirusi miezi, anakigawa kila steshenari, naye anaona kazi zake zinafunguka kama kawaida.

Fungua lile dirisha jeusi la amri, Command Prompt. Kama flashi ni herufi E, andika E na nukta pacha, bonyeza Enter. Kisha andika attrib -h -r -s /s /d na ubonyeze Enter tena. Ile h inaondoa kufichwa, r inaondoa kufungiwa usiandike, s inaondoa alama ya mfumo, na mbili za mwisho zinasema fanya hivyo kwenye mafaili yote na folda zote zilizo ndani. Subiri. Folda zitajitokeza, hafifu zinakuwa kamili. Nakili nyaraka na picha peke yake, uache shotikati na kila faili usilolijua. Ukishahakikisha zinafunguka kwenye kompyuta, hapo sasa fomati. Kufomati ni hatua ya mwisho. Kabla ya kufomati, tazama. Kabla ya kufomati, nakili. Na mashine iliyoambukiza isafishwe, maana mteja anayefuata anakuja na flashi yake saa hiyo hiyo.

Yule kijana alipoona jina la sura yake ya kwanza limejitokeza pale alikaa chini, hakusema neno. Amemaliza chuo, anafundisha.

La saa nitalisema kwa ufupi, ingawa limewapotezea watu pesa nyingi za bando.

Baba mmoja alitoka Buhigwe na binti yake kufanya maombi ya mkopo wa chuo, siku ya mwisho. Sehemu ya kwanza wakaambiwa mtandao unasumbua. Sehemu ya pili wakanunua bando jipya, bado ukurasa unakataa, unaandika kwamba muunganisho si salama. Jua linazama. Nilipoitwa niliangalia kona ya chini kulia ya skrini kabla ya kitu kingine chochote. Tarehe ilisomeka 1 Januari 2010.

Mtandao ulikuwa mzima. Kila tovuti salama inakuja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inalinganisha cheti hicho na saa yake yenyewe. Kama saa yake inasema ni 2010, cheti kilichotolewa mwaka huu ni cheti ambacho muda wake haujafika, nayo inakataa. Inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila imedanganywa na saa. Na saa imedanganyika kwa sababu kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kuna betri bapa ya duara, imeandikwa CR2032, ya volti 3, inayotunza muda mashine ikichomolewa. Imeisha. Umeme ukikatika, kumbukumbu ya saa inaondoka. Tulirekebisha tarehe, ukurasa ukafunguka, binti akatuma maombi yake. Betri yenyewe hata kwenye rimoti nyingi za magari ipo. Mwenye mashine ya mezani ya zamani awe na akiba ya betri hizo kwenye droo.

Na kwa kuwa nimetaja siku ya mwisho: mkiona imeandikwa mwisho ni 12:00 AM tarehe 30, hiyo ni saa sita ya usiku inayoingiza tarehe 30. Siku yenyewe ya 30 mmeshachelewa. Mwambieni mteja hivyo kwa Kiswahili chake, saa ngapi na usiku wa kuamkia lini.

Kuhusu umri wa programu, sitakaa sana. Windows XP iliachwa kuhudumiwa 8 Aprili 2014. Windows 7, 14 Januari 2020. Windows 10, 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye muda wa nyongeza. Mashine haizimiki siku hiyo, ndiyo maana tunapuuza. Lakini tundu likigunduliwa baada ya hapo, halizibwi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima kikidai malipo, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimeshatolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka.

Je, ina maana kila apdeti ni salama? Hapana, na siwezi kuwadanganya. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza apdeti yenye kasoro, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikabaki chini. Kwa hiyo apdeti tuziweke, lakini jioni baada ya kazi, nakala za kazi zikiwa zimeshakaa mahali pengine. Mtu asiye na nakala nje ya mashine ana kazi ya kuazima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa.

Mfumo uko chini. Mfumo haukubali. Mtandao unasumbua. Mara ngapi tunayasema maneno haya kwa siku? Na mara ngapi tumesoma kilichoandikwa kwenye skrini kabla ya kuyasema?

Kuna mzee wangu mmoja, mstaafu wa reli. Alihangaika na shauri lake katika ofisi moja, kila akienda anaambiwa mfumo haukubali, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo mfumo haukubali. Mzee ana fimbo, anapanda daladala kutoka Ujiji, anakaa kwenye benchi hadi mchana, anarudi. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanamwonea huruma kabisa. Lakini huruma bila kusoma ujumbe ilimsaidia nini?

Siku moja akamkuta karani mpya, binti mdogo. Ujumbe ulikuwa unasema majina hayalingani. Binti akayaweka majina mawili juu na chini, herufi kwa herufi, yanafanana. Wengi wangeishia hapo. Yeye akabofya mwishoni mwa jina, akaona kile kimstari kinachowakawaka kimekaa mbali kidogo na herufi ya mwisho. Palikuwa na nafasi moja tupu, mtu aliyeandika zamani aligusa ufunguo mrefu mara moja akimaliza. Kwa macho yetu si kitu. Kwa kompyuta nafasi ni herufi kama herufi nyingine, na jina lenye nafasi mwishoni ni jina jingine. Binti akabonyeza ufunguo wa kufuta mara moja, akatuma. Ikakubali.

Herufi moja isiyoonekana! Ndiyo iliyomkalisha mzee yule kwenye benchi muda wote ule.

Dada zangu, kaka zangu, mfumo haukuwa chini. Mfumo ulikuwa unasema kwa maandishi kile kinachoukwaza, na mbele yake wamepita watu wazima wenye vyeti, hakuna aliyesoma. Najua ujumbe unakuja kwa Kiingereza, na mwingine umeandikwa kana kwamba hautaki kueleweka. Uchape mahali, uupige picha, umuulize mwenzako. Na mwananchi umwambie ulichokiona: jina halilingani, tarehe ya mashine ni mbovu, namba imekatika. Akijua tatizo ni nini, atajua pia aende wapi na alete nini. Ukimwambia mfumo uko chini, umemfungia mlango na hujampa hata jina la anayemfungia.

Ninaomba jambo moja la vitendo. Kila meza yenye kompyuta iwe na daftari. Tukio likitokea, andika tarehe, andika ujumbe ulivyosomeka neno kwa neno, andika kilichobadilika kabla yake, kama umeme ulikatika, kama flashi mpya ilichomekwa, kama kuna apdeti iliingia usiku. Kisha andika kilichoponya. Mwenyekiti ameshakubali tuwe tunakutana na madaftari hayo mwisho wa kila mwezi. Kituko kilichomsumbua mtu wa Gungu leo kitafika Kasulu keshokutwa, na hakuna haja mteja wa Kasulu aanze upya mateso yale yale.

Nimeona kuna vijana wamekuja na flashi walizoambiwa zimekufa. Msiziondoe. Pale mlangoni tumewasha mashine mbili, moja haina mtandao kwa ajili ya flashi zenye virusi, nyingine ina Excel kwa wanaotaka kujaribu namba za NIDA. Nitakuwepo mpaka saa kumi. Wa kwanza nani?